Kuanzia Saa Mbili Hadi Saa Sita

Bertrams, Johannesburg
10 Mei 2015

Mwalimu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani na miguu imepungua kuvimba. Sisi hatujambo. Naseeb anakusalimu sana. Ile spaza yake, duka lake dogo la Soweto, ilivunjwa Januari, wakabeba mpaka mizani, na sasa mume wangu ni mlinzi wa maghorofa huko Randburg, anarudi nyumbani Jumapili tu. Bakiri ametimiza miaka minane na ameng'oka meno mawili. Shomari ana sita na hajanyamaza tangu siku ulipomsikia kwenye simu.

Simu najua huitaki. Ulisema maneno ya simu hayasahihishiki. Basi naandika, na barua anakuletea Jumbe, yule kijana wa Makorora anayekuja huku kununua mablanketi.

Nimewatoa watoto shule. Umesikia redioni mambo ya Aprili, jinsi wageni walivyopigwa na kufukuzwa. Kwa sasa nawafundisha mwenyewe nyumbani. Nimeona nikuulize wewe, dada wa baba yangu uliyenilea na kunifundisha kusoma, uliyekaa na darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Nilianza Jumatatu iliyopita, na leo Jumapili sina hakika kama kesho nitaweza.

Darasa ni meza ya jikoni. Siku ya kwanza Shomari aliomba kwenda chooni mara tatu katika dakika ishirini, na choo chenyewe kiko hatua nne kutoka mezani. Mara ya nne akaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Nikamwambia uko nyumbani. Akalia kama mtu aliyetapeliwa. Bakiri yeye aliuliza mwalimu mkuu ni nani, ana malalamiko.

Siku ya pili nilifundisha hesabu kwa maharage. Ilipofika saa nne Shomari alikuwa ameingiza harage puani. Nilimshusha mbio kwa Brigitte, Mkongomani fundi cherehani anayekaa chini yetu, akamnusisha pilipili manga, mtoto akapiga chafya, na harage likatua kwenye gauni la harusi la mteja. "Kumi toa moja, tisa," alisema Bakiri. Hilo ndilo jibu sahihi pekee tulilopata wiki nzima.

Wananijibu kwa Kiingereza. Wakigombana, wanagombana kwa Kizulu. Kiswahili wanakielewa chote, hasa ninapowasema kwa Brigitte, lakini hawataki kukitoa mdomoni. Nieleze ninaanzia wapi.

Mwanafunzi wako,
Kidawa


Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga
28 Juni 2015

Kidawa mwanangu,

Marahaba. Nimepokea barua yako, kurasa nne, makosa kumi na moja. Nimeyazungushia wino mwekundu na kurasa nakurudishia ili uone. Miguu yangu haina jambo jipya la kueleza. Bwawa la maji machafu mbele ya nyumba limekauka, mbuzi wa jirani amekula khanga yangu ya sikukuu, na jirani anasema mbuzi huyo hapendi khanga. Hizo ndizo habari.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni kuwa mama yao huku ukijaribu kufundisha. Mambo hayo mawili hayakai pamoja. Mimi nilifundisha watoto wa ndugu, watoto wa majirani, na nilikufundisha wewe, na darasani kwangu hapakuwa na ndugu. Kuanzia saa mbili hadi saa sita wewe si mama yao. Wakuite Mwalimu. Mtoto akikumbuka kwamba aliye mbele yake ndiye aliyemnyonyesha, ataomba uji katikati ya herufi.

Tafuta kengele. Wavae sare ile ile waliyokuwa wakivaa shuleni, na soksi. Ita mahudhurio kila asubuhi hata kama ni wawili, na asiyejibu mwandike hayupo. Kila siku ukurasa mmoja wa kusoma, nimekunakilia kurasa thelathini kwa mkono wangu. Mwisho wa mwezi wa nane nataka kila mmoja aandike insha ya Kiswahili yenye kichwa "Mama Yangu". Madaftari nipelekee kwa Jumbe, nitayasahihisha mimi. Wewe usiguse kalamu nyekundu, bado hujafikia hapo.

Jambo la mwisho. Umeandika kurasa nne na hukusema kwa nini hasa umewatoa shule. Redio ilisema tangu mwezi wa tano huko kumetulia. Watoto wa watu wanasoma. Kwetu walimu, ulichofanya kinaitwa kuruka swali.

Shangazi yako,
Mwantumu


Bertrams, Johannesburg
6 Septemba 2015

Mwalimu,

Shikamoo. Pole kwa khanga. Huku baridi imepungua, Naseeb alipata mafua ya mwezi mzima lakini amepona, na Brigitte anakusalimu ingawa hakujui. Anasema wewe ni mtu wa kuogopwa, na hajui nusu yake.

Kanuni yako imefanya kazi. Kengele ni mfuniko wa sufuria na mwiko. Jirani wa juu alilalamika kwa mwenye jengo, mwenye jengo akaja akakuta watoto wawili wamevaa sare na soksi wamesimama wima jikoni, akaomba radhi akaondoka. Mahudhurio naita. Siku moja Bakiri alikuwa chooni nikamwandika hayupo, na alipotoka alidai haki yake kwa hoja ndefu kiasi kwamba nilimhesabia kuwa ni somo la kuzungumza.

Siku ambazo kuna mechi pale uwanja wa Ellis Park hatufundishi hesabu. Mashabiki wanapita chini ya dirisha wakiimba, na Shomari amejifunza jedwali la mbili kwa wimbo wao. Sasa hawezi kulisema bila kupiga makofi na kuruka. Mbili mara sita anaruka juu zaidi, sijui kwa nini.

Hilo la kuniita Mwalimu nilidhani litakuwa gumu. Shomari anajichanganya, ananiita Mama Mwalimu, na akitaka mkate anarudi kwenye Mama peke yake. Bakiri hakukosea hata siku moja. Nilipowaeleza mara ya kwanza, kwamba kuanzia saa mbili hadi saa sita mimi si mama yenu, Shomari alicheka. Bakiri alinitazama, mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ni mtoto mwenye nidhamu. Nadhani utampenda.

Madaftari yote mawili nimempa Jumbe, na insha zimo. Usiwe mkali sana.

Mwanafunzi wako,
Kidawa


Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga
17 Januari 2016

Kidawa mwanangu,

Marahaba. Jumbe alikwama mpakani na mablanketi yake, madaftari yamenifikia mwezi wa kumi na mbili yananuka mafuta ya gari. Hapa tuko salama. Yule jirani mwenye mbuzi amefariki, Mungu amrehemu, na mbuzi ameachiwa mimi, hiyo ndiyo haki ya dunia.

Nianze na Shomari. Ameandika: "Mama yangu ni mrefu. Anapiga sufuria. Shule yetu ina friji. Mwalimu wangu anapika na kufundisha lakini chai yake ni baridi." Sentensi nne, makosa sita, na kila neno ni lake. Nimempa nane juu ya kumi. Nimecheka mpaka mbuzi akaja kutazama.

Insha ya Bakiri ina ukurasa mzima. Mama yangu ananipenda, mama yangu anaamka alfajiri, mama yangu hajali watu wa mtaani wanasema nini juu ya mavazi yake. Kiswahili safi, hakuna kosa. Kidawa, ile herufi ya k yenye mkia unaopinda kuelekea juu nilikufundisha mimi kwa kukushika mkono, mwaka ulipokuwa na miaka sita. Nimesahihisha maelfu ya madaftari, siwezi kuikosea. Insha hiyo umeiandika wewe.

Sikuipa alama.

Kama mtoto hawezi kuandika sentensi moja baada ya miezi minne, basi shule ya jikoni imeshindwa. Nimezungumza na mwalimu mkuu wa shule niliyostaafu. Bakiri ataingia darasa la pili, Shomari la kwanza. Chumba chako cha zamani nimekipaka chokaa na nimeweka vitanda viwili. Jumbe atawaleta akirudi mwezi wa nne. Usiponijibu nitachukua kwamba umekubali.

Na bado hujajibu swali langu la mwezi wa sita.

Shangazi yako,
Mwantumu


Bertrams, Johannesburg
13 Machi 2016

Mwalimu,

Shikamoo. Sote wazima. Salamu zimekwisha.

Watoto wangu hawaji Tanga.

Ndiyo, insha niliandika mimi. Bakiri alikaa mbele ya ukurasa mtupu dakika arobaini. Anajua kuandika. Siku ile ile aliandika nusu ukurasa juu ya kombe la dunia. Nilipomuuliza kwa nini haandiki, alisema kwa adabu zote, "Mwalimu, swali hili silijui." Kengele ya saa sita ikalia, akafunga daftari, akaomba ruhusa ya kutoka. Ungefanya nini? Ungempa sifuri, najua. Mimi nilisubiri walale mchana nikaandika.

Unawataka ili uwafanyie ulichonifanyia mimi? Nitakukumbusha kwa kuwa huenda wewe umesahau. Nilikuwa na miaka saba. Mkaguzi alikuja, amevaa suti ya kijivu, akaniita nisome mbele. Nikaogopa, nikajikojolea, pale pale mbele ya watoto tisini na kitu. Nikakuangalia nikasema, Shangazi. Ukasema, "Shangazi yako yuko nyumbani. Hapa kuna mwalimu." Ukaniacha nimesimama kwenye mkojo wangu mpaka kengele ya mapumziko. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, na nasikia ulipata sifa.

Tangu siku hiyo nakuita Mwalimu. Uliwahi kujiuliza kwa nini? Ulinipa chakula, ulinipa nguo, ulinikalisha kwenye taa unisomeshe, na sisemi hukufanya hayo. Lakini shangazi sikuwa naye tena. Nilipotoroka na Naseeb nikiwa kidato cha tatu wote walisema mtoto hana shukrani. Mimi nilikuwa nimechoka kuishi na mwalimu wangu.

Ukurasa huu sahihisha unavyotaka.

Kidawa


Bertrams, Johannesburg
20 Novemba 2016

Mwalimu,

Shikamoo. Miezi minane imepita. Jumbe anasema barua yangu ya Machi uliisoma ukiwa umesimama mlangoni, ukamwambia hakuna majibu, ukaingia ndani. Amekuja mara mbili tangu hapo bila kitu mkononi. Vitanda vile amesema bado vipo, vimetandikwa.

Naseeb hajambo, wanambadilishia zamu. Brigitte amepata mjukuu. Shomari anasoma sasa kila kitu, maandishi ya pakiti za unga, matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za robot, taa za kuongozea magari, pale njia panda, na ananiuliza kwa sauti mbele za watu maana ya kila tatizo ambalo mganga anaahidi kulitibu. Namwambia hayo tutayafikia darasa la tano.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Jumanne Bakiri alianguka kwenye ngazi za jengo letu, ngazi nane, akavunjika mkono. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kengele ilikuwa imelia zamani, sare imevuliwa, imeanikwa. Nilisikia kishindo nikashuka mbio bila viatu. Mtoto amekaa sakafuni, mkono umepinda, uso umekuwa wa majivu. Akaniona. Akasema, "Mwalimu, mkono wangu."

Nilimbeba mpaka hospitali nikimwambia niite mama, saa sita imepita, niite mama. Alinitazama tu kama hajui ninachotaka. Muuguzi alidhani mgonjwa ni mimi.

Sasa nitajibu swali lako, nililolikimbia mwaka mmoja na nusu.

Ile wiki ya Aprili, kabla hata hatujajua mambo yatakuwa makubwa kiasi gani, nilikwenda shuleni kumchukua Bakiri mapema. Nilisimama getini na baibui langu. Bakiri akatoka na wenzake wanne. Mmoja akaniangalia kuanzia juu hadi chini akamuuliza kwa Kizulu, yule ni nani. Kizulu changu si kikubwa lakini hicho kilitosha. Na mwanangu, akinitazama machoni, akasema, "Ni dada wa kazi wa nyumbani kwetu."

Nilimpokea mkoba. Nikatembea nyuma yake mpaka nyumbani, hatua tano nyuma, kama anavyotembea mtumishi. Hakugeuka. Nilimpa chakula. Hakuna aliyelisema, mimi wala yeye, mpaka leo.

Usiku huo huo nilimwambia Naseeb kwamba shule si salama. Haikuwa uongo, watu walikuwa wanapigwa. Lakini Bertrams ilitulia baada ya wiki mbili, watoto wa Brigitte wakarudi, na mimi sikuwarudisha wangu. Nilitaka akae na mimi. Nilitaka anitazame kila siku, asubuhi hadi jioni, mpaka aione sura ya mama yake aizoee. Nilimfungia ndani kwa hasira, Mwalimu, na Shomari nikamfungia pamoja naye ili isionekane.

Kisha ikaja kanuni yako, na nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba mimi si mama yake. Yale mabega yaliyoshuka niliyokuandikia, niliita nidhamu. Mtoto alikuwa amepewa ruhusa.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Kidawa


Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga
9 Aprili 2017

Kidawa mwanangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote zilizokaa bila majibu. Mkono wa mtoto umeunga? Mpake mafuta ya nazi ya moto kila jioni, mpapase taratibu. Mimi macho yananisumbua na mwandiko umeharibika, utauona. Mbuzi amezaa.

Nilikuandikia barua nne mwaka jana. Kila moja nilipoimaliza niliisoma kama daftari la mtoto, na zote zilifeli. Hii pia naona itafeli lakini naituma.

Siku ya mkaguzi sijaisahau. Wiki moja kabla yake alihamishwa mwalimu mwenzangu kupelekwa bara ndani, kwa kosa la kupendelea mtoto wa ndugu yake. Nilikuwa na wewe peke yako, na nyumba hii, na nikaona nikihamishwa utabaki kwa nani. Haya nimejiambia kwa miaka mingi na ni ya kweli. Ila siku ile sikuyafikiria. Siku ile niliona aibu mbele ya mwanamume mwenye suti, na aibu ile ilikuwa ni wewe. Ukitaka kujua mwanao alijisikia vipi pale getini, niulize mimi.

Jioni nilikufulia sketi yako kwa mikono yangu. Nilijiambia akiniita tu nitamkumbatia. Ukaja, ukapokea sketi, ukasema, "Asante, Mwalimu." Nikafikiri mtoto ana miaka saba, ifikapo Ijumaa atakuwa amesahau. Ijumaa ikapita. Nikasubiri sikukuu. Nikasubiri uugue, na ulipougua malaria ukaweweseka ukamwita baba yako. Siku niliyokufumania na begi pale stendi, nilikuwa nimekuja kukuomba usiende. Ukasema, kwaheri Mwalimu, na mimi nikakurekebisha kola ya gauni. Ndicho pekee nilichofanya.

Kwa nini sikusema mwenyewe, niite shangazi? Kwa sababu nilitaka lije bila kuombwa. Huo ni ujinga wa watu wenye kiburi, na umenikalisha peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu.

Wanao sikuwataka kwa ajili ya darasa la pili. Nilitaka kusikia miguu ndani ya nyumba. Vitanda nimevigawa, usihofu. Usiwalete. Wapeleke shule yoyote itakayowapokea, leo kabla ya kesho. Vunja kengele. Mwambie mtoto kwa maneno, kwamba ulimsikia pale getini. Usisubiri alianze yeye. Mimi nilisubiri.

Kanuni ile niliyokupa ilikuwa mbaya. Nilikupa nikijua ilinifanyia nini.

Mwantumu


Bertrams, Johannesburg
4 Februari 2018

Shangazi,

Shikamoo. Neno hilo la kwanza limenichukua karatasi tatu. Nimeliandika nikalikata, nikaliandika tena, mkono umezoea lile jingine. Lipokee lilivyo.

Macho yako nimemwagiza Jumbe akupeleke kwa daktari na asiondoke mpaka akuone umeingia. Naseeb yuko salama, bado Randburg. Brigitte anasema kama mbuzi yupo bado umlete huku, atamshonea khanga.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kukuandikia habari ya kumaliza, siyo ya katikati. Nilifanya ulivyosema. Mfuniko nimeurudisha kwenye sufuria yake. Niliwakalisha mezani nikawaambia Mwalimu amestaafu, kuanzia leo kuna mama tu. Shomari akauliza kama mama naye anatoa kazi za nyumbani. Kabla ya saa moja kupita alikuwa ameshanisahau kabisa kama mwalimu na ananipandia mgongoni.

Bakiri nilimtoa nje, tukakaa kwenye zile ngazi. Nikamwambia nilikusikia pale getini, na sina hasira tena. Sehemu ya mwisho haikuwa kweli kamili. Alitazama viatu vyake. Akasema, "Sharp," kama wanavyosema watoto wa huku wakitaka jambo liishe, akainuka. Kuanzia siku hiyo haniiti kitu. Mwalimu ameacha, na lile jingine halikuja. Akitaka kitu anakuja anasimama karibu nami mpaka nimtazame.

Shule ilipatikana mwezi uliopita, ng'ambo ya uwanja. Walimpa mtihani. Ana miaka kumi na moja na wamemweka na watoto wa miaka tisa, goti halienei chini ya dawati. Miaka miwili hiyo nimeila mimi. Mwenyewe hajalalamika, na ningependa alalamike, kama zamani alipokuwa akimtafuta mwalimu mkuu.

Nikueleze siku ya kuandikishwa. Tulikwenda wote watatu. Nilivaa baibui. Nilifikiria usiku kucha nivae nini, nikasema hapana, nitavaa. Karani mama mtu mzima, mchangamfu, alimwuliza Shomari, umekuja na nani? Shomari akasema mama yangu, na akaanza kumweleza habari za friji. Kisha karani akamwuliza Bakiri, na wewe, huyu ni nani wako?

Shangazi, nilishika ukingo wa meza. Nyuma yetu palikuwa na foleni ya wazazi, na wavulana wakubwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. Bakiri aliniangalia. Aliniangalia vizuri, muda mrefu, nilihisi anatafuta. Akasema, "Ni mwalimu wangu."

Karani akacheka kwa upole, akasema basi umefundishwa vizuri. Akanipa fomu. Palikuwa na mstari wa kuandika uhusiano na mtoto. Nikaandika mama. Akausoma, akamtazama Bakiri, akanitazama mimi, na akaniomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ahakikishe.

Nilimpa. Jina langu limo, akagonga muhuri.

Kwa hiyo nimepanda cheo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa dada wa kazi, sasa ni mwalimu. Naseeb alipoisikia hiyo alicheka mpaka machozi, nikacheka naye, kisha nikaingia chooni nikafungua bomba.

Kila siku saa nane ninakwenda kuwachukua. Nasimama ng'ambo ya barabara, si getini, nimsitiri. Shomari anavuka mbio akipiga kelele, Mama, mpaka madereva wanageuka. Bakiri anafuata nyuma yake, ananikabidhi mkoba, na tunatembea. Sasa hatembei mbele. Anatembea pembeni yangu, na mimi namhesabia hatua.

Yote uliyonifundisha nayakumbuka, herufi, jedwali, namna ya kushika kalamu. Ila ile miaka uliyoningoja pale nyumbani, ukinipikia, ukinifulia, jioni baada ya jioni, neno lisije, ulikuwa ukiipitishaje? Hilo hukunifundisha. Nifundishe sasa, na uandike kwa herufi kubwa, nami macho yangu siku hizi hayaoni vizuri.

Mwanao,
Kidawa